Mume na Mke Walioandamwa na Wauaji: Kufundisha Taharuki katika Darasa la Sita

Mwalimu wa lugha akiwaachia wanafunzi wa Darasa la Sita hiari ya kuchagua kichwa cha insha, hatakawia kupokea madaftari yaliyojaa majambazi, visu na damu. Katika ukurasa wa kwanza watu wawili wameuawa; katika ukurasa wa pili wameuawa wengine watano; na mwishoni mwandishi huzinduka usingizini akasema kwamba yote yalikuwa ndoto. Walimu wengi huikabili hali hiyo kwa njia moja kati ya mbili. Wapo wanaopiga marufuku hadithi za namna hiyo kwa kusema kwamba zinaharibu tabia. Wapo pia wanaosahihisha tahajia na alama za vituo, wakaandika "Jitahidi" chini ya insha, wakalifunga daftari. Njia zote mbili humwacha mtoto pale pale alipokuwa: anayo hamu ya kusisimua, lakini hajui msisimko hutoka wapi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha njia ya tatu. Hadithi ya kusisimua ikichaguliwa vema na kutayarishwa kwa uangalifu huweza kumfundisha mtoto mambo mawili. La kwanza ni la fani: kinachomshika msomaji si wingi wa damu bali ni ujuzi, yaani nani anajua jambo gani na nani halijui. La pili ni la maudhui: siri inayolindwa kwa vitisho ni kifungo, na kifungo hicho hufunguliwa kwa kusema.

1. HADITHI ILIYOCHAGULIWA

Wasomaji wa Kiswahili wameifahamu hadithi ya upelelezi kwa muda mrefu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ikatoka mwaka 1965. Katika hadithi za upelelezi, anayemkabili mhalifu ni mtu mwenye akili ya pekee au mwenye kazi hiyo. Lakini iko aina nyingine, ambamo hakuna mpelelezi wa kutegemewa. Mtu na mkewe, wasio na silaha wala cheo, wanaangukiwa na siri ya wauaji, na tangu hapo amani yao imekwisha. Aina hii ndiyo inayomfaa mtoto zaidi, kwa kuwa mtoto naye hana silaha wala cheo.

Mfano wetu ni filamu iitwayo The Man Who Knew Too Much, maana yake "Mtu Aliyejua Mengi Mno". Aliyeiongoza ni Alfred Hitchcock, aliyezaliwa London mwaka 1899 na kufariki mwaka 1980. Aliitengeneza mara mbili: kwanza Uingereza mwaka 1934, kisha Marekani mwaka 1956. Sisi tutaitumia ile ya mwaka 1956. Mwalimu hahitaji mtambo wa kuonyeshea filamu. Ataisimulia kwa mdomo, kama bibi asimuliavyo hadithi kwa wajukuu. Muhtasari wake ni huu.

Daktari mmoja Mmarekani, Ben McKenna, yuko safarini nchini Moroko pamoja na mkewe Jo na mtoto wao mdogo Hank. Jo alikuwa mwimbaji mashuhuri kabla hajaacha kazi ya jukwaani. Wakiwa katika mji wa Marrakech, wanafahamiana na Mfaransa mmoja, Louis Bernard, na pia na mume na mke Waingereza waitwao Drayton, watu wapole wa kuaminika. Siku ya pili, sokoni, mtu aliyevaa kanzu anachomwa kisu mgongoni. Anapepesuka hadi kwa Ben na kuanguka mikononi mwake. Rangi ya uso wake inabaki katika viganja vya Ben: ni Bernard, aliyejipaka rangi ili asijulikane. Kabla ya kukata roho ananong'ona kwamba kiongozi mmoja wa nchi atauawa London, na anataja maneno mawili: Ambrose Chapel.

Ben na Jo wanakwenda kutoa maelezo polisi, na Bibi Drayton anajitolea kumrudisha mtoto hotelini. Wakiwa kituoni, Ben anaitwa kwenye simu. Sauti asiyoifahamu inamwambia kwamba akitamka neno moja kati ya yale aliyonong'onezwa, mwanawe atapata madhara. Akina Drayton wamekwisha toweka na mtoto.

Mume na mke wanasafiri hadi London kumtafuta mtoto wao. Polisi wa huko wanajua kwamba mtoto ametekwa, nao wanawasihi waseme wanachokijua. Wazazi wanakataa. Ben anadhani Ambrose Chapel ni jina la mtu. Anamtafuta katika kitabu cha simu na kujikuta akipigana bure katika karakana ya fundi anayejaza ngozi za wanyama ili waonekane kama hai. Jo ndiye anayetambua kwamba jina lile si la mtu bali la jengo, kanisa dogo. Huko wanawakuta akina Drayton, lakini Jo anapotoka kuwapigia polisi simu, Ben anapigwa kichwani na kufungiwa ndani, na mtoto anahamishwa.

Jo anafika katika ukumbi mkubwa wa muziki uitwao Royal Albert Hall. Waziri mkuu wa nchi ya kigeni ameketi humo akisikiliza. Muuaji naye yumo. Amepangiwa kufyatua bastola wakati uleule matoazi yatakapogonganishwa, ili kishindo cha muziki kiumeze mlio wa risasi. Amekwisha mkumbusha Jo kwamba uhai wa mwanawe unategemea ukimya wake. Jo anaona mwanya wa pazia, anaona mdomo wa bastola, anamwona mpiga matoazi akisimama. Akinyamaza, mtu atakufa. Akisema, huenda mwanawe akafa. Kabla tu ya matoazi kugongana, Jo anapiga ukelele. Waziri mkuu anashtuka na kusogea, na risasi inamjeruhi mkono tu. Ben, aliyekwisha jinasua kutoka kanisani, anapambana na muuaji, naye muuaji anaanguka kutoka juu na kufa.

Mtoto bado hajapatikana. Amefichwa katika ubalozi wa nchi ya waziri mkuu yuleyule, kwa maana waliotaka kumwua ni watu wa nyumbani kwake. Wazazi wanaalikwa huko kwa heshima, na Jo anaombwa aimbe. Anaimba kwa sauti kubwa kupita kawaida wimbo ambao yeye na Hank waliuimba pamoja hotelini Marrakech. Katika chumba cha juu mtoto anamsikia mama yake. Bibi Drayton, ambaye moyo umekwisha mgeuka, anamhimiza apige mluzi kwa nguvu zote. Ben anaufuata mluzi ule na kumpata mwanawe.

2. MSHTUKO NA TAHARUKI

Kabla ya kuingia darasani, mwanachuo hana budi kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Mshtuko ni tukio ambalo msikilizaji hakulitazamia. Taharuki ni hali ya kusubiri jambo ambalo msikilizaji analijua au analihofia, asijue litaishaje. Hitchcock mwenyewe, alipozungumza na mwongozaji wa filamu wa Kifaransa François Truffaut mwaka 1962, alilieleza jambo hili kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza. Watu wawili wanazungumza mambo ya kawaida, na bomu linalipuka. Ikiwa mtazamaji hakujua, atashtuka kwa sekunde kumi na tano. Lakini ikiwa alionyeshwa bomu tangu mwanzo, na saa iko ukutani, mazungumzo yaleyale ya kawaida yatamtia wasiwasi kwa dakika kumi na tano nzima.

Tazama jinsi kanuni hiyo inavyofanya kazi katika hadithi yetu. Mtazamaji huonyeshwa matoazi tangu mwanzo kabisa wa filamu, na katikati yake muuaji husikilizishwa sahani ya santuri ili ajue pa kufyatua. Mtazamaji naye hujifunza mahali palepale. Hivyo, muziki unapoanza ukumbini, mtazamaji anajua kila kitu, ilhali waziri mkuu hajui lolote. Sehemu hiyo huchukua dakika zipatazo kumi na mbili bila mazungumzo yanayosikika, wala hakuna tone la damu mpaka mwisho wake. Hata hivyo ndiyo sehemu inayokumbukwa kuliko zote.

3. MBEGU HUPANDWA MAPEMA

Wanafunzi wetu hukwama katika kumaliza hadithi. Wakiona mhusika amebanwa, huleta polisi kutoka mbinguni au ndoto. Filamu hizi mbili zinaonyesha dawa yake. Katika ile ya mwaka 1956, mama ni mwimbaji, na mapema tunamsikia akiimba na mwanawe. Mwishoni wimbo ndio unaomwokoa mtoto. Katika ile ya mwaka 1934 mume na mke ni Waingereza walio mapumzikoni Uswisi, na mtoto anayetekwa ni wa kike. Mama yake ni hodari wa shabaha, naye mwanzoni anashindana na mtu ambaye baadaye anajulikana kuwa ndiye muuaji. Mwishoni, muuaji huyo anapomwandama mtoto juu ya paa, polisi anasita kufyatua asije akampiga mtoto. Mama anaitwaa bunduki na kumpiga muuaji. Mifupa ya hadithi ni ileile, lakini mbegu iliyopandwa ni tofauti, na kwa hiyo mavuno ni tofauti. Mtoto afundishwe hivi: kitakachomwokoa mhusika wako mwishoni, kionyeshe mwanzoni katika hali ya kawaida.

4. SOMO LENYEWE

Darasa: la Sita. Muda: vipindi viwili vya dakika 40.

Madhumuni: Kufikia mwisho wa vipindi hivi mwanafunzi aweze (a) kueleza tofauti kati ya mshtuko na taharuki kwa maneno yake mwenyewe, (b) kuandika aya moja yenye taharuki bila kutaja damu wala kifo, (c) kutaja watu wazima wawili anaoweza kuwaambia siri inayomtisha.

Zana: debe tupu na kijiti, ramani ya Afrika na ya Ulaya, ubao.

Hatua ya kwanza: Zoezi la debe (dakika 10). Mwalimu awaambie wanafunzi wapige makofi pamoja kwa mwendo wa polepole. Mwanafunzi mmoja, aliyeelezwa kwa siri, agonge debe ghafula nyuma ya darasa. Wote watashtuka na kucheka. Kisha mwanafunzi mwingine aliyejitolea, na asiye mwoga, atolewe nje kidogo. Darasa lielezwe kwamba safari hii debe litagongwa kofi la ishirini litakapopigwa. Yule wa nje arudi na kusimama mbele akiwapa wenzake mgongo, bila kuambiwa neno. Makofi yaanze. Mwalimu atasikia makofi yakipungua nguvu kadiri hesabu inavyokaribia ishirini, na macho yote yakimtazama yule asiyejua. Baadaye aulize: "Ni safari ipi mioyo yenu ilidunda kwa muda mrefu zaidi? Kwa nini?" Majibu yao yaandikwe ubaoni, ndiyo maelezo ya taharuki.

Hatua ya pili: Masimulizi (dakika 30). Mwalimu aonyeshe Marrakech na London katika ramani. Aweza kugusia kwamba filamu ilitoka mwaka ule ule wa 1956 ambao Moroko ilipata uhuru wake kutoka kwa Wafaransa. Kisha asimulie hadithi kwa kusimama katika vituo vinne: baada ya mnong'ono wa sokoni, baada ya simu, ukumbini kabla ya matoazi, na ubalozini kabla ya mluzi. Katika kila kituo aulize swali lilelile: "Nani anajua nini sasa?" Ubaoni pawe na safu tano: Wauaji, Ben, Jo, Hank, na Sisi. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba safu ya "Sisi" imejaa kuliko ya wahusika wengi, na kwamba hapo ndipo wasiwasi wao unapozaliwa. Kifo cha Bernard kisimuliwe kwa sentensi moja, bila kuonyesha kwa vitendo.

Hatua ya tatu: Uandishi (dakika 20). Mwalimu aandike ubaoni aya mbili ili zilinganishwe. Ya kwanza ni hii:

"Jambazi lilitoka kichakani na kisu kikubwa sana. Damu ilitiririka kama mto. Watu kumi walikufa palepale."

Na ya pili:

"Mama alinituma dukani kununua mafuta ya taa. Nilipokuwa nikisubiri chenji, nilimsikia mtu nyuma ya ukuta akisema, 'Usiku huu mzee hayupo, ng'ombe wako peke yao.' Sauti ile niliifahamu. Ilikuwa ya mtu ambaye huja kwetu kila Jumapili kunywa chai. Nilipofika nyumbani nilimkuta ameketi barazani, akiongea na bibi. Akaniuliza, 'Mbona umechelewa?'"

Wanafunzi waeleze ni ipi inayowafanya watake kujua zaidi, na kwa nini. Ndipo kila mmoja aandike aya yake, itokee mahali anapopajua: dukani, kisimani, njiani kutoka shule, ndani ya basi. Katika kusahihisha, mwalimu asiishie kwenye tahajia. Aandike pembeni swali moja: "Msomaji anajua nini ambacho mhusika hajui?" au "Mbegu ya mwisho wako iko wapi?" Swali la namna hiyo humrudisha mtoto kwenye kazi yake kuliko alama kumi za wino mwekundu.

Hatua ya nne: Mazungumzo kuhusu siri (dakika 20). Hatua hii inahitaji maelezo yake peke yake.

5. SIRI YENYE KITISHO

Mwalimu aulize: "Je, Ben na Jo walifanya vema kuwanyima polisi habari?" Asiharakishe kutoa hukumu. Wapo watakaosema walikosa, kwa kuwa maisha ya mtu mwingine yalikuwa hatarini. Wapo watakaosema mzazi yeyote angenyamaza. Pande zote mbili zina hoja, na ni vizuri watoto wasikie kwamba watu wema huweza kunyamazishwa na hofu bila kuwa watu wabaya. Kisha aulize swali la pili: "Ukimya wao ulimrudisha mtoto?" Haukumrudisha. Kila jambo jema katika hadithi hii lilipatikana mtu alipotoa sauti: ukelele wa mama ukumbini, wimbo wake ubalozini, na mluzi wa mtoto mwenyewe.

Hapo ndipo hadithi ya mbali inapofika darasani kwetu. Watu wanaowadhuru watoto mara nyingi hutumia maneno yaleyale ya simu ya Marrakech: ukisema, utaona; ukisema, mama yako atapata shida; ukisema, hakuna atakayekuamini. Na mara nyingi, kama akina Drayton, ni watu ambao familia inawaamini. Watoto wafundishwe kupima siri kwa maswali mawili. Je, siri hii ina mwisho wa furaha, kama zawadi iliyofichwa mpaka siku ya sikukuu? Au inalindwa kwa kitisho na haina mwisho? Ya kwanza inaweza kutunzwa. Ya pili lazima aambiwe mtu mzima anayeaminika. Na wa kwanza asiposikiliza, aambiwe wa pili. Kila mwanafunzi afikirie majina ya watu wawili wa namna hiyo: mzazi, bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Asilazimishwe kuyasoma mbele ya wenzake.

Mwalimu aeleze wazi pia kwamba filamu ni filamu. Mtoto haombwi kupambana na wahalifu wala kuwafuata. Kazi yake ni moja: kusema. Kupambana ni kazi ya watu wazima.

6. TAHADHARI KWA MWALIMU

Baada ya somo kama hili, huenda mtoto mmoja akabaki nyuma wenzake wakitoka. Mwanachuo ajiandae kwa jambo hilo kabla ya siku yenyewe, si siku ile. Akija, msikilize mahali penye utulivu lakini pasipojificha. Usimhoji kama askari, wala usimwekee maneno mdomoni. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa kuwa ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Mwambie kwamba utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia. Mwambie kwamba amefanya vema kusema na kwamba kosa si lake. Yaandike maneno yake kama alivyoyasema, umpelekee mwalimu mkuu siku hiyohiyo, ili ustawi wa jamii au polisi waarifiwe. Usimrudishe mtoto mikononi mwa anayemtuhumu kwa nia ya kusuluhisha. Wala habari zake zisizungumzwe katika chumba cha walimu kama masimulizi ya mchana.

Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha amwarifu mwalimu wa darasa mapema kuhusu hatua ya nne, kwa sababu yeye ataondoka baada ya majuma machache na mtoto atabaki.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Chagua hadithi moja ya kienyeji unayoijua ambamo mume na mke au ndugu wawili wanaandamwa na zimwi au adui. Igawe katika vituo vinne, na kwa kila kituo onyesha nani anajua nini.

2. Andika aya mbili juu ya tukio moja: ya kwanza ilete mshtuko, ya pili ilete taharuki. Usitaje damu katika aya yoyote.

3. Tengeneza andalio la somo la dakika 40 la Darasa la Tano kuhusu "mbegu" ya mwisho wa hadithi.

4. Mwalimu mwenzako anasema: "Mambo ya siri na vitisho si ya somo la lugha." Mjibu kwa hoja zisizozidi ukurasa mmoja.

Mtoto aliyefundishwa hivi atakapoandika tena juu ya majambazi, huenda wakawa wachache zaidi na wa kutisha zaidi, kwa kuwa amejua pa kuwaweka. Na ikiwa siku moja atapokea mwenyewe simu ya aina ile ya Marrakech, atakuwa na majina mawili ya watu wa kuwaendea. Mwalimu ahakikishe kwamba jina lake linastahili kuwa mojawapo.